Kisanduku cha Baba Chiriku

Haya ninayoyasimulia yalimpata dada yangu, tumbo moja, na sehemu yake kubwa niliiona kwa macho haya haya ninayotungia uzi kwenye sindano. Mimi ni fundi cherehani, sina makuu. Mchana ule nilikuwa kibandani kwangu napiga pasi suruali ya mteja msumbufu, wale wanaotaka suruali iwabane na bado waweze kuchuchumaa, dada akaingia na sketi ya shule ya mwanawe.

"Ipunguze kiunoni, mdogo wangu. Inamvuka."

Mwanawe mwenyewe alikuwa nyuma, ameshika gauni la mama yake. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Ukimuuliza neno moja anakujibu kumi, halafu anakuuliza yeye. Siku hiyo alinisimulia habari za paka aliyeingia darasani, akakohoa katikati, akarudia kisa kutoka mwanzo.

"Huyu ana kikohozi?"

"Vumbi tu," dada akasema, akaondoka mbio kurudi kazini.

Dada alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika hospitali moja kubwa. Mtambo waliokuwa nao ulinunuliwa kwa ajili ya biashara: stoo, mishahara, ankara. Hata lugha yake ya kuandikia programu ni ya kibiashara, haikubuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini ndiyo iliyokuwapo, na dada aliijua kama mtu anavyojua jiko lake, basi akaitumia kutengeneza skrini ya wauguzi ghorofani.

Alivyonieleza mimi mtu wa sindano ni hivi. Mgonjwa akilazwa, programu inamtengenezea kisanduku chake kwenye skrini papo hapo: jina, kitanda, joto la mwili, mapigo ya moyo, na chini kabisa mstari mtupu ambapo muuguzi anaweza kuandika neno. Visanduku hivyo havikuwapo tangu awali. Vinazaliwa kadiri watu wanavyokuja, na kwa kuwa vinazaliwa, lazima pia viondoke. Mgonjwa akiruhusiwa, au akifa, programu inatakiwa ikiachilie kisanduku chake, yaani ikifute na kuirudisha nafasi kiliyokuwa kimeikalia kwenye kumbukumbu ya mtambo. Kisipoachiliwa, kinajificha nyuma ya vingine. Hukioni, lakini kipo. Kinakula nafasi. Kinasubiri.

"Kuachilia ni mstari mmoja tu wa kuandika," aliwahi kuniambia.

Mstari huo mmoja ndio dada aliokuwa ameufuta.

Alikuwa na sababu. Mumewe alikuwa mpiga rangi wa magari. Moshi wa rangi ulimla mapafu taratibu, akaja kufia kwenye hospitali ileile, barakoa ya oksijeni usoni, hawezi kutoa sauti. Alikuwa akitutazama tu. Anafungua mdomo, anaufumba. Dakika aliyokata roho, dada alikuwa chini kwenye chumba cha kompyuta, akayaona mapigo yake yanasimama kwenye kisanduku. Alipaswa kuiacha programu ifanye kazi yake. Hakuweza. Akaifuta ile amri, akakaa akikitazama kisanduku mpaka wenzake wakaja kumnyanyua kitini.

Tangu siku hiyo hakuna kisanduku cha mtu yeyote kilichoachiliwa hospitalini pale. Mtambo ukaanza kuwa mzito, wauguzi wakalalamika, dada akawa anawapiga chenga.

Hayo yote niliyajua nilipompelekea ile sketi. Chumba cha kompyuta kilipakana na chumba cha kufulia, kwa hiyo kilinuka sabuni na maji ya moto. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Kabla sijabisha hodi nilisikia dada akizungumza ndani, taratibu, sauti ya mke anayemwandalia mumewe chakula. Nikasukuma mlango. Alikuwa peke yake.

"Njoo," akasema bila kugeuka. "Njoo umwone shemeji yako."

Nikasogea. Kwenye skrini kulikuwa na kisanduku. Jina la marehemu. Kitanda chake. Mapigo ya moyo: sifuri. Joto la mwili halikuwa sifuri. Lilikuwa ishirini na nne.

"Hiyo ndiyo nini?"

Dada akaninyooshea kidole kwenye kipimajoto kilichokuwa ukutani juu yetu. Ishirini na nne.

"Ni joto la humu ndani," akanong'ona.

Nikamwambia mashine imekosea. Akatikisa kichwa, akanionyesha mstari wa chini, ule ambao aliniapia kwamba siku zote ulikuwa mtupu. Ulikuwa na neno moja. *Upo?* Na chini yake jibu aliloandika yeye. *Nipo.*

"Dada, kuna mtu anakuchezea."

"Nani? Mtambo huu naujua mimi na Miwani tu." Miwani ni mwenzake wa kazi, kijana wa watu, mpole, kaitwa hivyo kwa vioo vyake vinene. "Na Miwani nilimgusia. Alinitazama kama nimechanganyikiwa."

Nilitaka kumjibu. Sikuwahi. Herufi zilikuwa zinatokea kwenye skrini, moja moja, polepole, kama za mkono usio na nguvu. M. T. O. Kisha T. Kisha O.

Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Vidole vyake vikaruka juu ya vitufe: *Hajambo. Anakukumbuka sana.* Nikamshika mkono. Nilichelewa, alikuwa ameshabonyeza.

Skrini ikatulia. Joto la shemeji yangu likapanda kidogo.

Kesho yake asubuhi Chiriku hakuweza kuamka.

Nimonia, daktari alisema. Tulimlaza wodi ya watoto, ghorofa ileile alikofia baba yake. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukaripia na mikono laini kama pamba, aliandika habari za mtoto kwenye kompyuta, akabonyeza, akangoja. Kisanduku hakikutokea. Akabonyeza tena.

"Mtambo wenu huu umezeeka kuliko mimi," akamwambia dada. "Mtoto nimemwingiza, mbona simwoni?"

Dada akabadilika rangi. Akaniachia mtoto, akashuka ngazi mbio. Baada ya muda mfupi simu yangu ikalia.

"Nimemwona," akasema. Alikuwa ananong'ona ingawa alikuwa chini kabisa, mbali na kila mtu. "Yumo ndani yake."

"Nani yumo ndani ya nani?"

"Kisanduku cha mtoto. Kimezaliwa ndani ya kisanduku cha baba yake."

Nilimtazama Chiriku. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, kimya. Chiriku, kimya! Dripu ilikuwa inadondoka. Nikaketi pembeni ya kitanda, nikamshika paji la uso nikitegemea moto wa homa. Lilikuwa baridi. Si baridi ya maji. Baridi ya ukuta.

"Unasikiaje, mama?"

Midomo ikacheza. Nikainama nimsikie.

"Mjomba, sogea," akasema. "Umemkalia baba."

Niliruka nikasimama. Nikatazama mahali nilipokuwa nimeketi. Godoro lilikuwa limebonyea. Nikangoja lirudi juu.

Halikurudi.

Daktari alikuja, akapima, akapima tena, akabadilisha kipimajoto akidhani kimeharibika. Moyo unapiga, alisema, mtoto anapumua, lakini joto la mwili linashuka na hajui linaelekea wapi. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeona namba yenyewe ukutani. Wakamfunika mablanketi juu ya mablanketi. Kila mara blanketi moja lilikuwa linateleza, linaishia upande ule uliobonyea, limekunjuliwa vizuri kama la mtu aliyejifunika.

Ndipo Sista akaja na habari. Uongozi umechoka na uzito wa mtambo. Saa kumi jioni watauzima wote na kuuwasha upya.

Nikampigia dada. Akapiga yowe ambalo sitalisahau.

"Wakizima, vyote vinakwenda! Vya wengine vitazaliwa upya, cha mtoto kitakwenda na cha baba yake! Waambie wasizime!"

Miwani akamnyang'anya simu. Naye sasa alikuwa ameona, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Kaka, sikiliza. Kile cha baba ni kama mkoba, na cha mtoto kimo ndani. Ukiuachilia mkoba, kila kilichomo kinakwenda nao. Inabidi tumtoe mtoto kwanza, tumhamishe, halafu ndiyo tumwachilie baba."

"Basi mhamisheni!"

"Tunajaribu. Kinagoma. Kinasema kinatumika."

"Jaribuni tena. Kwa nguvu."

Nikasikia vitufe. Pale pale Chiriku akajikunja, mgongo ukainuka kama upinde, hewa ikakatika kifuani mwake. Macho yakageuka yakawa meupe.

"Mmefanya nini?" nikapiga kelele. "Acheni! Acheni!"

Vitufe vikanyamaza. Mtoto akaanguka juu ya mto, akavuta pumzi nyembamba.

"Tumekivuta tu kidogo," Miwani akasema. Alikuwa analia.

Mimi si mtu wa kuomba watu. Siku hiyo niliomba. Nilimfuata Sista nikamwambia wasubiri, japo saa moja, japo nusu. Nilimshika aproni kama mtoto. Akaniuliza kwa nini, na nilipofungua mdomo kumweleza nikaona sina maneno ambayo mtu mwenye akili zake angeyasikiliza. Akanitazama kwa huruma, akasema amri imetoka juu, yeye ni nani. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia mno.

Dada akatokea mlangoni. Alikuwa amepanda ngazi bila viatu. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja upande ule uliobonyea, akapiga magoti.

"Baba Chiriku," akasema.

Pazia la dirisha lilikuwa linacheza. Likaacha.

"Nisikilize. Si wewe uliyekataa kuondoka. Mimi ndiye niliyekushika. Nilikufungia humo kwa sababu nilishindwa kulala peke yangu. Nisamehe. Lakini huyu mwache. Huyu bado hajaiona dunia."

Kisha Chiriku, kwa sauti ya mbali, kama anayesoma kitu kigumu:

"Mama, anasema kuna giza."

Dada akauma vidole vyake. "Mwambie najua."

"Anasema usimwache."

"Mwambie..." Akashika ukingo wa godoro. Akaanza upya. "Mwambie kama ni upweke, anichukue mimi. Sasa hivi. Mwambie niko tayari."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Akanisukuma.

"Mwambie!"

Chiriku aligeuza shingo, polepole, akatazama hewa iliyokuwa kati yetu. Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimsikiliza mtu yeyote. Halafu akatikisa kichwa.

"Hataki. Anasema wewe una kazi nyingi."

Sijui kama dada alilia au alicheka. Alilaza shavu lake kwenye lile bonde la godoro, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu aliyelalia kifua. Alinong'ona mambo ambayo hayakunihusu. La mwisho nililisikia.

"Sikuachi. Nakupumzisha."

Simu ikapiga kelele mkononi mwangu. Miwani. "Kimetoka! Sijakigusa, kimetoka chenyewe! Cha mtoto kiko nje! Nimwachilie baba? Muda unakwisha, niachilie?"

Dada akainuka. "Usiguse," akasema. "Ni wangu. Naja."

Akakimbia. Nilisikia nyayo zake zikishuka ngazi, kisha sikusikia tena.

Nilimshika Chiriku mikono yote miwili. Nilitazama saa. Nilitazama godoro. Sista alikuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa, na nadhani yeye pia alikuwa anatazama godoro.

Likainuka.

Taratibu, springi moja baada ya nyingine, kama mtu anavyonyanyuka asimwamshe aliyelala. Chiriku akavuta pumzi ndefu, kubwa, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Lakini hayakuishia hapo. Dada alikuwa ameurudisha ule mstari mahali pake, na mtambo ulikuwa unaachilia vyote, vya miezi yote ile. Kitanda cha pili kikalia, springi zikajinyoosha. Kilikuwa kitupu. Cha tatu kikalia. Kitupu. Sauti ikaenda hivyo mpaka mwisho wa wodi, ikatoka, tukaisikia kwenye korido, kwenye wodi ya wanawake, kwenye wodi ya wanaume, vitanda vitupu vikinyanyukiwa kimoja kimoja. Trei ilimponyoka Sista. Hakuinama kuiokota.

Miwani ndiye aliyenieleza ya chini. Anasema dada alifika, akaketi, akaweka kidole kwenye kitufe. Herufi zikaanza kutokea kwenye ule mstari. Miwani alimwambia abonyeze, saa imefika, abonyeze. Dada akangoja mpaka neno lilipotimia. *Sijamaliza kumuaga.* Akalisoma. Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe, na mtambo ukawa mwepesi kama siku ya kwanza. Walipouzima saa kumi haukuwa na kitu ndani yake zaidi ya wagonjwa walio hai.

Chiriku alipona. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anawachosha wauguzi kwa maswali, na homa haikuonekana tena. Siku ya kuruhusiwa, daktari akataka picha ya eksirei ahakikishe kifua kimesafika. Mtaalamu wa eksirei, bwana mmoja mrefu asiyependa mazungumzo, alimsimamisha mtoto peke yake, akatutoa wote nje, akafunga mlango. Baadaye akatuita, amekunja uso.

"Nani aliingia akamshika mtoto?"

"Hakuna," nikasema. "Sote tulikuwa hapa nje."

Akaibandika picha kwenye taa. Mapafu yalikuwa safi. Mbavu ndogo, nyembamba, zimejipanga vizuri. Na juu ya bega la kushoto, kutoka nyuma, kulikuwa na mifupa minne mirefu. Vidole. Vya mtu mzima. Vimelishika bega kwa upole, kama unavyomshika mtoto barabarani asikimbie.

Alipiga picha ya pili. Vilikuwapo. Alituandikia twende hospitali nyingine, yenye mashine nyingine. Vilikuwapo. Chiriku mwenyewe hasikii maumivu wala uzito. Ukimuuliza anakuuliza wewe kwa nini unauliza.

Siku ile ya kwanza, tulipokuwa tunatoka, dada alirudi ndani peke yake. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango. Alimwomba yule bwana ampige picha na yeye, ya mabega tu. Bwana akakataa, dada akamsihi, bwana akakubali ili amalize kazi. Picha ikabandikwa kwenye taa. Dada akasogea karibu, akaitazama upande wa kushoto, akaitazama upande wa kulia.

Mabega yake yalikuwa matupu.

"Piga tena," akasema.